Ampli ya Umeme wa Kwetu

Aliponiita mwizi nilikuwa nimepiga magoti, bisibisi mkononi, kichwa changu nusu ndani ya ampli. Kwa hiyo sikumwona uso. Niliona viatu vyake tu, vile vyeusi vya Jumapili alivyovaa hata Jumamosi, na kwa siku nyingi baadaye nilivichukia viatu vile kana kwamba ndivyo vilivyosema.

Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya parokia yetu. Wote tulimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu, na kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Ampli, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ilikuwa mali yake. Mimi ndiye niliyeitengeneza, kwa mikono yangu, kutoka kwenye redio ya marehemu baba yake.

Baba huyo alifanya kazi ya reli hadi uzeeni, na kitu kikubwa alichoacha ni redio ya mbao, pana kama sanduku la nguo, ya aina ya zamani inayotumia lampe. Lampe ni zile chupa ndogo za kioo zenye nyuzi ndani. Ukiwasha, uzi unawaka mwekundu polepole na sauti inakuja baada ya kusubiri kidogo. Redio ile ilikuwa bubu kwa miaka. Halafu mashine ya gitaa ya kwaya ikafa, na sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja Yaya alifika kwetu na redio juu ya baiskeli, imefungwa kwa shuka kama mgonjwa.

“Petit,” aliniambia, kama wakubwa wa kwetu wanavyowaita wadogo, “banasema weye njo unajua mambo ya lampe. Minataka utoshe ampli mule ndani.”

Kwetu kutosha kitu ni kukitoa. Niliitikia kwa kichwa.

“Hii ilikuwa sauti ya papa yangu. Asubuhi yote mu nyumba tulikuwa tunasikia paka hii tu. Usiiharibishe, unasikia?”

Niliitikia tena. Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma shule ya msingi tu, na hata kule mwalimu alikuwa akiniuliza swali anasubiri, anasubiri, mwisho anamuuliza mwingine. Lakini kazi ya redio naijua. Nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wetu huku Annexe, pembezoni mwa mji, aliyekuwa na meza ya kutengeneza redio chini ya bati, karibu na njia ya mashamba. Alipofariki, mke wake aliniletea testa yake ya kupimia umeme, chuma chake cha kulehemu, na kopo la skurubu. Kila kitu ninachokijua ni cha mzee yule. Hata kosa nililofanya ni lake, ingawa nilichelewa kulijua.

Ndani ya redio, kilichokuwa kimekufa ni transfo. Hicho ni kile kipande kizito cha chuma kilichozungushiwa waya, ambacho hupokea umeme wa ukutani na kuugawa: mwingi kwa kazi ya sauti, mdogo kwa kuwasha nyuzi za lampe. Waya wake ulikuwa umeungua mpaka ukawa mweusi. Ilinibidi kuufungua wote na kufunga mpya. Watu waliosoma hupiga hesabu ya mizunguko. Mzee hakunifundisha hesabu. Alisema, “Karatasi inaweza kukudanganya, moto haukudanganye.” Njia yake ilikuwa hii: unafunga waya, unaunganisha lampe, unawasha, unaangalia rangi ya uzi. Ukiwaka mweupe, umezidisha. Ukiwa na wekundu wa damu, umepunguza. Rangi nzuri ni ile ya kaa la makala, yaani mkaa, linaloanza kushika majivu. Unaongeza mizunguko, unapunguza, mpaka uipate rangi ile.

Nilifanya hivyo. Nilihesabu mizunguko kwa maharagwe, haragwe moja kwa kila mizunguko kumi, nikiyatoa kikombe hiki na kuyatia kile. Rangi ilipokuja, nilipima kwa testa ili niwe na hakika, na testa ikakubaliana na jicho. Kwa msingi wa chuma nilikata bati la mlango wa friji iliyokufa. Sanduku nililiunda kwa mbao za kasha. Spika ilikuwa ileile ya redio ya marehemu.

Siku ya kujaribu, Yaya alikuja na gitaa lake uani kwetu. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho. Yaya alipiga nyuzi tatu, akaacha, akapiga tena. Sauti ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo chini, kama mtu mzima aliyeamka sasa hivi. Watu wawili waliokuwa wanapita na majembe walisimama njiani. Yaya aligeukia ukuta akajifuta uso kwa mkono wa shati.

“Njo yeye,” alisema. “Njo papa kabisa.”

Siku hiyo hakuna aliyeniita mwizi.

Jumamosi tuliipeleka kwenye ukumbi wa parokia, kwa mazoezi. Kule hawategemei umeme wa barabarani. Nyuma ya ukumbi kuna groupe, mashine kubwa ya mafuta inayotoa umeme wao wenyewe, na huiwasha kila siku ya mazoezi na ya misa. Nilichomeka, nyuzi zikawaka, Yaya akapiga. Sauti ilitoka na nguvu kuliko kwetu, kubwa sana, mpaka akina mama wa sauti ya kwanza wakapiga vigelegele. Nami nilifurahi. Kila nikikumbuka nilivyofurahi nataka kujipiga kofi, kwa sababu nguvu ile ya ziada ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, na mimi, fundi, nilisimama mbele yake nikitabasamu.

Katika wimbo wa pili ampli ilianza kunguruma kama nyuki ndani ya chupa. Halafu ikalia paa! Moshi mweupe ulitoka nyuma, na vipande vya karatasi laini vikaruka juu ya vitambaa vya akina mama. Kulikuwa na harufu ya samaki aliyeungua.

“Ampli inatapika!” mtu wa sauti ya nne alipiga kelele, na ukumbi mzima ukacheka.

Yaya hakucheka. Alisema tu, “Rudisha kwenu. Tengeneza.”

Nyumbani niliifungua juu ya meza. Kitu kilichopasuka kilikuwa kondansa, lile kopo dogo linaloweka umeme akiba na kutuliza mngurumo. Na lampe kubwa, ile inayosukuma spika, ilikuwa imekufa. Uzi wake ulikuwa umekatika, na kioo kimeshika weusi ndani. Nikaanza kutafuta sababu. Kitu hakifi bure. Niligonga kila kiungo kwa mpini wa mwiko, taratibu, nikisikiliza kama kuna kinachocheza, maana kiungo kilicholehemiwa vibaya hujitaja ukikigonga. Hakuna kilichojitaja. Nilifuata kila waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilirudia viungo vinne ambavyo havikuwa na kosa lolote. Niliweka kondansa mpya.

Lampe ndiyo ilinikaba. Lampe kama ile huwezi kuikuta dukani. Lakini nilikuwa na moja. Nilikuwa na ampli yangu ndogo, ya kwanza kabisa niliyoiunda, na ndani yake kulikuwa na lampe ya namba ileile niliyoipata Kipushi kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodi. Nilitengeneza redio zake mbili, naye akanipa lampe hiyo, imefungwa kwenye soksi. Nilikaa mbele ya ampli yangu kwa muda mrefu. Halafu niliing'oa lampe nikaitia kwenye ya Yaya. Yangu ikabaki na tundu, kama jino lililotoka.

Na ampli ya Yaya ikapona. Siku tatu niliiwasha kwetu, asubuhi na mchana. Hakukuwa na nyuki wala harufu, na rangi ya uzi ilikuwa ya kaa la makala linaloshika majivu. Nilipima kila mahali nikaandika namba kwenye karatasi ya daftari. Nilisema, basi, kondansa ilikuwa mbovu tangu dukani.

Jumamosi ya pili nikairudisha. Yaya hakuniacha nichomeke. Alitaka kwanza kuona ndani, akainama na simu yake akiangaza taa. Lampe za baba yake zilikuwa na maandishi meupe. Ile ya Kipushi ilikuwa na maandishi mekundu.

“Hii nini?” aliuliza.

Nilikuwa nimepiga magoti, nikikaza skurubu ya mwisho.

“Lampe ya papa yangu iko wapi?”

Ile iliyokufa ilikuwa kwenye mfuko wangu, ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimeileta ili nimwonyeshe. Nilitaka kusema: ilikufa siku ile, hii hapa, na hii nyingine ni yangu, niliitoa kwenye ampli yangu. Maneno yalikuwepo yote, kwa mpangilio. Lakini yalipofika kooni yalijaa mlangoni kama watu wanaotaka kutoka wote kwa pamoja, na hakuna hata moja lililopita. Niliitoa lampe iliyokufa nikamnyooshea.

“Hii? Hii imekufa. Kila mutu anaweza kuokota lampe ya kufa akaniletea.” Akawageukia wanakwaya. “Munaona? Minamupa kitu ya papa yangu, yeye anatosha lampe ya muzuri, anaweka ya kuokota. Ile ya kwanza haikuungua, iliibiwa. Petit, weye uko mwizi.”

Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini. Nawajua wote. Wa sauti ya kwanza, mstari wa mbele, wa pili kutoka dirishani, ni mama yangu mzazi.

Yaya mwenyewe alichomeka ampli. Mimi nilibaki chini, uso wangu karibu na lampe, na ndiyo maana niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Ndani ya lampe kubwa, kuzunguka uzi, kuna bati dogo jeusi. Kwetu bati lile hubaki jeusi saa zote. Pale ukumbini lilianza kuwa jekundu, kwanza doa moja, halafu upande mzima, kama sufuria iliyosahauliwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Nilirukia waya nikaung'oa ukutani.

“Munaona!” Yaya alisema. “Anaogopa tusikie!”

Mama alifunga kitabu chake cha nyimbo. Alipita katikati ya mistari, akashika upande mmoja wa ampli, mimi nikashika wa pili, tukaifunga kwenye baiskeli na kuondoka; Yaya hakutuzuia, maana hakuwa na fundi mwingine. Njiani hakunitazama mpaka tulipopita barabara kubwa.

“Juu ya nini ulinyamaza?” aliniuliza. “Mutu anakuita mwizi mbele ya batu, weye unaangalia bilatu ya miguu yake?”

“Maneno ilikatala kutoka, mama.”

“Ilikatala. Na mi sasa nitaimba na uso gani?”

Huo ndio uliokuwa uzito wa jambo. Mama ameimba kwenye kwaya ile tangu kabla sijazaliwa. Jumapili hiyo alienda misa ya asubuhi, ile isiyo na kwaya, akaketi nyuma. Kitenge chake cha kwaya alikikunja akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo huwa anaweka vitu vya watu waliosafiri.

Mimi nililala na hasira nikaamka nayo. Nilikuwa na hasira na Yaya, na wale thelathini walionyamaza, na koo langu. Zaidi ya yote nilikuwa na hasira na ampli, kwa sababu niliichomeka tena uani na ikafanya kazi vizuri kabisa. Bati lilikuwa jeusi na sauti nene. Ilinitazama na lampe zake nne kama mtoto anayepiga wenzake akiwa shuleni, halafu nyumbani anajifanya mpole. Niliipiga teke. Niliumia kidole.

Jumatatu mama mmoja wa depo alituma niitwe. Ni mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, anauza maharagwe na mchele kwa magunia, kando ya barabara kubwa, na ana friji mbili za samaki. Kifaa chake kilikuwa kinapiga kelele. Nilikwenda nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilijua habari imeshafika.

“Ingia, mwizi ya mataa!” aliniita kutoka nyuma ya magunia, na wapakiaji wake wakacheka. Nilitaka kugeuka nirudi. “Apana, kuya! Minacheka tu. Mi minajua bezi, baliniiba mara ingine. Mwizi akiingia fasi ya batu, anaangaliaka mulango na kufuli. Weye kila siku ukiingia hapa unaangaliaka paka fasi ya kuchomeka waya tu. Kuya unitengenezee hii, inanipigia ngoma ndani.”

Kilichokuwa kinapiga ngoma ni regilatere. Ni sanduku linalokaa kati ya ukuta na friji, kwa ajili ya kuusahihisha umeme. Usoni lina sindano mbili. Nilikuwa nimeliona mara nyingi, sikuwahi kuuliza.

“Mama, hizi sindano mbili ni za nini?”

“Ee! Eko na sauti!” Akanyoosha kidole. “Hii ni courant, umeme yenye inaingia. Hii ni yenye inatoka. Angalia yenye inaingia: mia moja na makumi tano, ile siku ya muzuri. Courant ya kwetu huku iko na njala, mwana'ngu. Nyumba mingi, waya moja. Hii sanduku njo inaikulisha bukari, inashiba, inafika mia mbili na makumi mbili, njo inaingia mu frigo.”

Nilitazama sindano ya kwanza, nikatazama ya pili. Kuna wakati mtu anaelewa kitu akajisikia vizuri. Mimi nilijisikia kama mtu aliyemwagiwa maji machafu.

Namba hiyo, mia mbili na ishirini, nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Imeandikwa kwenye pasi, kwenye chaja, kwenye feni. Lakini testa yangu haikuwahi kunionyesha namba hiyo hata siku moja. Kwetu testa husema mia moja na hamsini, mia moja na arobaini watu wakipika. Nilidhani mia mbili na ishirini ni maneno ya kiwandani, kama tunavyoandika “karibu” juu ya mlango usiofunguliwa. Umeme, kwangu, ulikuwa ni huu wa kwetu. Na transfo ya Yaya niliifunga kwa kuangalia rangi ya moto wa kwetu, kwa umeme wa njaa. Ukiipeleka mahali penye umeme ulioshiba, kama ule wa groupe ya parokia, kila kitu ndani kinazidi karibu kwa nusu: uzi, bati, kondansa. Ndiyo maana iliimba kwa nguvu, ikatapika, ikafa. Ikirudi kwetu, inapona.

Niliomba ruhusa, nikakimbia kuleta ampli kwa baiskeli. Niliichomeka kwenye regilatere ya mama wa depo na kuhesabu pumzi. Kwenye pumzi ya nane bati likaanza kuwa jekundu. Niliing'oa, nikasubiri ipoe, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Lilikaa jeusi.

“Basi umeona mwizi?” mama wa depo aliuliza.

“Nimemuona,” nilisema. “Ni mimi.”

Sikusema kwa unyenyekevu. Nilisema kwa hasira mpaka wapakiaji wakaacha kazi. Kwa sababu sasa hasira ilikuwa haina pa kwenda. Sikuwa nimeiba, hilo sasa ningeweza kulionyesha kwa macho. Lakini kila nilichotumia kuonyesha kwamba sikuiba kingeonyesha pia kwamba lampe ya baba yake niliiua mimi. Nilimkasirikia hata mzee aliyenifundisha, aliye kaburini. Alikaa mtaa mmoja maisha yake yote, akatengeneza redio za mtaa huo tu, akaniambia moto haudanganyi. Moto haudanganyi, mzee, lakini unasema habari za pale unapowaka, si za mahali pengine.

Kuponya kulikuwa kazi ya mikono tu. Nilifungua transfo tena. Sikuutoa waya niliokwisha kuufunga. Upande unaopokea umeme, mizunguko ikizidi nguvu inayotoka hupungua, kwa hiyo niliongeza mwingine juu yake, mwembamba, kutoka kwenye mota ya feni, haragwe baada ya haragwe, mpaka nafasi ikajaa. Safari hii nilichagua rangi nikiwa kwenye depo, mbele ya sindano ya pili. Ncha zote mbili, ya waya wa kwanza na ya waya ulioongezwa, nilizipeleka kwenye swichi ya njia mbili niliyoitoa kwenye jiko la umeme. Kando ya swichi, kwenye bati, nilikwangua kwa msumari. Upande mmoja niliandika KWETU. Upande wa pili niliandika GROUPE.

Halafu nikafanya kazi iliyonichukua muda kuliko transfo. Nilichukua karatasi nikaandika. Mimi huandika polepole, kila herufi naisindikiza. Nilianza mchana, nikamaliza mama akirudi kutoka kisimani. Mistari ilikuwa miwili.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu nilifika ukumbini na ampli kwenye baiskeli. Mama alikuja nyuma yangu. Kitenge cha kwaya alikuwa amekivaa, lakini hakuingia kwenye mstari, alisimama mlangoni. Yaya aliniona akaja haraka. Walikuwa wamefanya mazoezi ya wiki nzima bila gitaa, na uso wake ulikuwa umechoka.

“Imepona?”

Niliitikia. Niliweka ampli mahali palepale. Niliweka swichi kwenye GROUPE. Nilichomeka. Yaya alivaa gitaa lake, akapiga. Kimya. Akapiga tena, akageuza vifungo.

“Petit, haiwake.”

Nilifungua mkono. Ndani ya kiganja kulikuwa na fusible, kile kipande cha kioo kidogo kuliko kipande cha chaki, chenye uzi mmoja mwembamba. Bila hicho hakuna kinachopita. Nikafunga tena mkono. Kwa mkono wa pili nikampa karatasi.

Aliisoma kwa macho. Nikaona viatu vyeusi vikisogea nyuma hatua moja, lakini safari hii nilikuwa nimesimama, nikamtazama usoni.

“Aah, petit. Ile maneno ilipita. Tuache. Sikukuu ni kesho.”

Nilitikisa kichwa.

“Nitakuambia pardon, mi na weye, inje.”

“Hapa,” nilisema. Lilitoka neno moja, lakini lilitoka. “Ulisemea hapa.”

Kiongozi wa kwaya alianza kusema kitu kuhusu saa, akaacha. Yaya aliitazama ngumi yangu. Yeye ni mkubwa kuliko mimi, angeweza kuufungua mkono ule kwa nguvu. Nadhani alilifikiria. Halafu aligeuka kwa watu, akaleta karatasi karibu na macho.

Mstari wa kwanza ulisema: *Kijana huyu hakuiba lampe, na mimi nilimwita mwizi bila kumuuliza.* Aliusoma kama mtu anayemeza dawa, haraka, midomo karibu imefungwa.

Mstari wa pili ulisema: *Lampe iliungua kwa sababu transfo ilifungwa kwa umeme mdogo wa mtaa wake, na hilo ni kosa la kijana huyu.* Huo aliusoma kwa sauti nzuri, pana, kama anayetangaza ndoa. Alipomaliza alikuwa karibu anatabasamu, na akanyoosha mkono kwa ajili ya fusible.

Ningempa. Nilikuwa nimeandika mwenyewe na yeye alikuwa amesoma. Ni mama aliyezungumza, kutoka mlangoni.

“Ile ya mbele sikusikia.”

Watu waligeuka.

“Ile ya pili nilisikia muzuri sana,” mama alisema. “Ata ku soko banasikia. Ile ya mbele, masikio yangu iko muzee. Yaya, rudilia.”

“Na miye sikusikia,” akasema mwanamke wa dirishani, jirani yake katika mstari.

“Na miye,” akasema yule wa sauti ya nne aliyesema ampli inatapika. “Ulisema mu meno.”

Yaya alinyanyua karatasi tena. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi. Akasoma mstari wa kwanza, neno kwa neno, mpaka mwisho, na neno *mwizi* likafika ukutani likarudi. Mama alitembea polepole, akapita mbele yake, akaingia mahali pake, wa pili kutoka dirishani, akafungua kitabu cha nyimbo.

Nikafungua mkono. Nilikaza fusible mahali pake. Nyuzi zilianza kuwaka, na sote tulingoja. Bati lilibaki jeusi. Yaya akapiga, na sauti ya baba yake ikatoka, nene, safari hii si kubwa kupita kiasi.

Hakunitazama, nami sikutaka anitazame. Niliketi kwenye benchi la nyuma, bado nina hasira. Katikati ya wimbo nikasikia mngurumo mdogo sana chini ya gitaa, wa waya mmoja uliopita karibu mno na transfo. Hakuna mwingine aliyeusikia. Nikasema moyoni, ubaki hivyo hivyo, Yaya azoee. Halafu wimbo ulipokwisha nilikwenda mbele, nikapiga magoti kando ya viatu vyeusi, nikautoa waya ule pale na kuupitisha kando.

Jumapili ya sikukuu mama aliimba. Lampe ya Kipushi ingali ndani ya ampli ya Yaya, maandishi mekundu katikati ya meupe, na yangu ingali na tundu. Yaya hajaniuliza lampe hiyo niliipata wapi. Akiniuliza, nitamwambia, kwa mdomo.